Zabibu za mwitu za Marekani: shida ni uchachu, si sukari

Kila Septemba, vichaka vya kando ya mito huku magharibi mwa jimbo la New York hujaa zabibu nyeusi, ndogo kama njegere. Watanzania na Wakenya wenzangu hunipigia simu: "Dada, hizi nazo zinatoa mvinyo?" Zinatoa, tena mzuri. Ila ukizifanyia kama zabibu za Dodoma, utaishia kuumwaga.

Mimi nimekulia Dodoma, na sasa kazi yangu ni maabara ya mvinyo. Zabibu za kule huiva kwa jua kali: sukari inapanda, uchachu unashuka. Hizi za mwitu, Vitis riparia, huweza kuwa na sukari ya kutosha huku asidi ikiwa bado imepita gramu 15 kwa lita. Mvinyo unaonyweka vizuri una gramu 6 hadi 8 hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilionja juisi, nikakunja uso, nikadhani dawa ni sukari. Hamira ikaila sukari yote ikaigeuza kilevi, na uchachu ukabaki palepale. Lita 20 zikapotea. Ndiyo maana nasisitiza: pima asidi kabla ya kugusa mfuko wa sukari. Vifaa vya kupimia vinauzwa kwa bei ndogo katika maduka ya watengeneza mvinyo wa nyumbani.

Kabla hujachuma, hakikisha ni zabibu kweli. Kuna mmea mwingine unaotambaa vichakani humohumo, Menispermum canadense, wenye matunda meusi yanayofanana sana na zabibu, na una sumu. Pasua tunda. Zabibu ina mbegu kadhaa zenye umbo la tone. Yule mwingine ana mbegu moja tu, iliyopinda kama mwezi mwandamo. Zabibu pia ina vikono vya kujishikizia na majani yenye kingo za meno. Ukiwa na shaka, acha.

Vaa glavu unapoziponda, maana asidi yake huwasha ngozi. Ponda kwa mkono, si kwa blenda. Mbegu zikivunjika hutoa uchungu usiotoka tena. Tia metabisalfiti ya potasiamu, kidonge kimoja kwa kila lita 4 hivi, ili kuzima vijidudu vya porini. Baada ya saa 12 weka kimeng'enya cha pektini, kwani zabibu hizi zina utelezi mwingi na bila hicho mvinyo hubaki na ukungu. Hamira ingoje saa 12 nyingine.

Sasa maji. Juisi yenye gramu 15 kwa lita, ukiiongeza nusu lita ya maji kwa kila lita, inashuka hadi 10. Usizidishe, maana maji hupunguza na ladha. Gramu za asidi zilizobaki ziachie hamira na baridi. Mimi hutumia hamira ya aina ya 71B, ambayo hula sehemu ya asidi ya maliki, moja ya asidi kuu mbili za zabibu. Ile ya pili, asidi ya tartariki, huishughulikia baridi yenyewe: mvinyo ukikaa wiki kadhaa karibu na nyuzi 0, hujitenga kama chembe za chumvi chini ya chupa. (Gereji ya Januari inatosha, ila usiache ugande.)

Sukari huja baada ya maji, kwa hesabu: gramu 17 kwa lita huongeza asilimia 1 ya kilevi. Haidromita, yaani kifaa cha kupimia sukari ya juisi, ikionyesha utapata asilimia 8 nawe unataka 11, lita 10 zinahitaji kama gramu 510.

Zabibu aina ya Concord ni habari nyingine. Hii Ephraim Wales Bull aliipata mwaka 1849 katika mji wa Concord, Massachusetts, kutokana na Vitis labrusca. Yake ni harufu nzito, ile ya peremende ya zabibu, ambayo Wamarekani huiita ya mbweha. Wapo wanaoidharau, mimi naipenda ikiwa ndogo. Basi kamua machicha siku ya tatu au ya nne, usingoje wiki mbili kama kwa zabibu za Ulaya, na chachusha mahali penye ubaridi. Concord pia huwa na sukari kidogo, takriban Brix 16 (yaani kama asilimia 16 ya juisi ni sukari), na mvinyo wake hupendeza ukiwa na utamu kiasi. Ukiutia utamu mwishoni, weka sorbati ya potasiamu, inayozuia hamira isizaliane, pamoja na metabisalfiti, la sivyo utachachuka upya ndani ya chupa, na chupa hupasuka.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu mtu mzima anayeishi peke yake kutengeneza galoni 100 za mvinyo kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200, bila kodi, mradi usiuze.

Concord naifungua kufikia Pasaka. Riparia huiacha mwaka mzima, na ile ya vuli iliyopita bado iko ghalani, nyeusi kama wino.