Eti lekchara asiyeshika spana hana cha kukufundisha?

Hii nimeisikia sana hapa Mwanza kwa madogo wa uhandisi wakirudi fildi, kwamba PhD ni makaratasi tu, mwenye akili ni fundi. Mi nakataa kabisa na sababu yangu ni pampu.

Nikiwa fildi kule Igombe tulifunga pampu ya kumwagilia bustani, tukaiweka juu ya jiwe, kama mita 8 kutoka usawa wa maji. Madesa yanasema pampu inafyonza mpaka mita 10 na ushee, basi tukajua tupo salama. Ikagoma. Tumejaza maji, tumekaza klipu zote, wapi, inanguruma tu. Mzee mmoja fundi akaja akasema wanangu shusheni, mwisho wake 6. Kwa nini 6 mzee? Ndo ilivyo. Tukashusha, maji yakaja.

Kila mtu akasema umeona, fundi kamshinda lekchara. Ukweli ni kwamba lekchara wa vitabu ndo alikuja kutuelewesha: pampu haivuti maji, hewa ya nje ndo inayasukuma yapande, na ile mita 10.3 ni ya usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu, hewa nyepesi, inabaki kama 9, toa msuguano wa bomba na valvu unajikuta kwenye 6 au 7. Sasa mpeleke mzee Makete, kule milimani juu zaidi ya huku, na bomba refu jembamba uone kama 6 yake itafanya kazi. Ila na aliyetupa 10 bila kutaja mwinuko ni lekchara pia, hapo siwatetei.

Nyingine ni kwamba ukikaa kazini miaka 20 ukiingia darasani utatema madini tu. Inategemea. Aliyezoea meli za Dar atakwambia funga zinki chuma kisiliwe na kutu, kwenye chumvi sawa, ila huku maji baridi zinki inalala, inatakiwa magnesiamu. Asipojua kwa nini, atawafundisha watoto wa ziwani mambo ya bahari.

Na SEAP, yale mafunzo kazini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka 3 chini ya mhandisi, inaanza baada ya degrii, sio badala yake.

Mi natamani chuo kimlipe yule mzee nauli, asimame na lekchara kwenye pampu moja, geji imefungwa upande wa kufyonza, madogo wasome namba wenyewe.