Je, Bustani ya Jeevanjee ilianza kama bustani ya kifalme?

Wakazi wengi wa Nairobi wanaamini kwamba Bustani ya Jeevanjee, iliyo kati ya Barabara ya Moi na Mtaa wa Muindi Mbingu, ilianzishwa na ufalme wa Uingereza kisha ikaachiwa wananchi baada ya uhuru. Si ajabu kuamini hivyo, kwa kuwa humo iliwekwa sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, na mtu apumzikaye kwenye nyasi akisikiliza wahubiri wa mchana huanza kusoma historia kwa kile anachokiona.

Hata hivyo, malkia huyo alifariki mwaka 1901, nayo sanamu ilizinduliwa mwaka 1906, pamoja na bustani yenyewe. Hakuwahi kukanyaga Afrika. Aliyegharamia bustani na sanamu ni Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, aliyepata utajiri wake kwa kandarasi za reli, akaitoa bustani kwa wakazi wa mji ambao reli ilikuwa imeufikia mwaka 1899 tu. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa mali ya umma. Mwana wa malkia huyo alifika kuzindua sanamu, na yamkini ndipo utata ulipozaliwa.

Anayetaka kuhakikisha aanze na jina la bustani, ambalo ni la mfadhili, kisha alinganishe tarehe mbili, ya kifo cha malkia na ya uzinduzi wa sanamu. Magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa katika nyaraka za taifa, papo hapo kwenye Barabara ya Moi, yatamfaa kuliko maandishi ya jiwe lolote.