Chini ya Ruvuma hakuna mpaka

Wazee wa Newala na Tandahimba, kusini mwa Tanzania, wanaikumbuka adha ya kushuka bondeni kuteka maji, kisha kupanda mlima na ndoo kichwani. Wengine hudhani kule juu mvua ni haba. Sivyo. Mvua inanyesha, ila mchanga wa uwanda wa Makonde unaimeza kabla haijawa kijito. Inazama, inapenya miamba polepole, halafu inachomoza chini ya mteremko kama chemchemi. Ndiyo maana mradi wa maji wa Makonde unategemea visima vya Mitema, bondeni, na kuyasukuma maji kwenda juu.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, mpakani, upande wa Msumbiji, kuna uwanda wa Mueda, na wenyeji wake ni Wamakonde pia. Nyanda hizi mbili zinatazamana, mto ukiwa kati. Sehemu ya maji yanayozama kila upande huishia mtoni, na kiangazi mvua inapokatika, ni maji hayo ya chini yanayousaidia mto usikauke. Karibu na pwani, tabaka za mchanga na chokaa zinapita chini ya mto kutoka nchi moja hadi nyingine.

Kisima kirefu kikivutwa kupita kiasi, usawa wa maji hushuka kukizunguka pande zote, na pampu haijui mpaka uko wapi. Ubaya ni kwamba jirani haoni kitu. Mto ukipungua watu hupiga kelele siku hiyohiyo. Maji ya chini yanaweza kupungua kwa miaka kabla kamba ya ndoo haijaonekana fupi. Pwani kuna hatari nyingine: maji baridi yakivutwa mno, maji ya bahari hujongea ndani, na kisima kikishaingia chumvi si rahisi kukirudisha.

Itifaki ya SADC ya mwaka 2000 kuhusu mikondo ya maji ya pamoja inahesabu maji ya juu na ya chini yaliyoungana kuwa mfumo mmoja. Kwa hiyo mazungumzo ya Ruvuma hayaishii ukingoni. Yanahusu na visima.

Je, majirani wanaweza kugawana kitu wasichokiona? Jimbo la Geneva, Uswisi, na wenzao wa Ufaransa walitiliana saini mwaka 1978 juu ya maji ya chini wanayochangia. Walifunga mita za kupima maji kwenye pampu, na maji ya mto Arve husafishwa kisha hurudishwa ardhini kuujaza mwamba. Nadhani mita ndizo zilizofanya kazi kubwa kuliko saini: hakuna aliyelazimika kumwamini mwenzake kwa maneno tu.

Kwetu, hesabu hiyo inaanzia kwa mwenye kisima. Kabla ya kuchimba kisima kirefu, fika ofisi ya maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini uulizie kibali. Mchimbaji akimaliza, usimlipe fungu la mwisho kabla hajakukabidhi taarifa ya uchimbaji: kina cha kisima, aina ya udongo na mwamba aliopitia, maji yalisimama kina cha mita ngapi, pampu ilijaribiwa kwa saa ngapi. Nakala moja ibaki kwako, nyingine ipeleke ofisi ya bonde.