Rangi Haifichi Kosa: Dhana Potofu Katika Kuunda Pikapu za Plastiki

Kila anayeniletea bodi ya modeli ya pikapu ya plastiki (gari dogo la kuunganisha kwa mkono) iliyoharibika rangi huniambia jambo lile lile kabla sijauliza: kwamba aliuona mstari juu ya paa, au alama mahali alipoziba mlango wa nyuma, lakini aliamini kuwa rangi ingeufunika. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi kiasi kwamba sasa naona ni heri niijibu kwa maandishi.

Rangi haifuniki kosa, na rangi inayong'aa hulitangaza. Uso unaong'aa huakisi taa kama kioo, kwa hiyo bonde dogo ambalo kidole hakikulihisi litapinda mwako wa taa hiyo na kuonekana kutoka upande wa pili wa meza. Wengi huona dawa ya tatizo hilo ni kuongeza matabaka ya rangi, na hapo ndipo uvumilivu wangu hufika mwisho. Katika kipimo cha 1/25, yaani modeli iliyo ndogo mara 25 kuliko gari la kweli, rangi yenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na rangi ya milimita 2.5 kwenye gari la kweli, unene ambao hakuna fundi angeukubali. Mistari ya milango hujaa, nembo huyeyuka machoni, na pikapu huonekana kana kwamba imechovywa katika uji, ilhali lile bonde la awali bado lipo.

Anayeunda pikapu iliyogeuzwa umbo yumo hatarini zaidi kuliko anayeiacha kama ilivyotoka kiwandani, kwa kuwa kila kishikizo alichokiondoa, kila nembo aliyoisugua na kila nafasi aliyoiziba ni jeraha linalohitaji kupona. Puti, ile dawa ya kuzibia nafasi, hunywea inapokauka. Hata kiungo cha gundi peke yake huendelea kunywea kwa siku kadhaa, maana plastiki iliyolainishwa hurudi kuwa ngumu polepole kadiri kiyeyusho cha gundi kinavyotoka. Ndiyo sababu mtu husugua kiungo leo kikawa laini kabisa, akapaka rangi kesho, kisha wiki ijayo akaukuta mstari umerudi. Mimi huacha viungo vya bodi wiki nzima kabla ya kuvigusa kwa msasa, na wanaonicheka kwa hilo ndio wale wale wanaorudi kwangu na bodi zao. Baada ya hapo, pulizia praima (rangi ya msingi) ya kijivu kwa wepesi, itazame chini ya taa ya pembeni, sugua kwa msasa wa namba 600 kisha ule laini zaidi wa 1000, na urudie mpaka praima isiwe na la kukuonyesha. Mistari ya milango ichimbwe kidogo kwa mgongo wa kisu kabla ya praima, si baada ya rangi.

Wapo pia wanaodhani kwamba gundi ikizidi, kiungo huwa imara zaidi. Gundi ya polistirini hufanya kazi kwa kuyeyusha nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Ikizidi, huyeyusha hata pale usipotaka. Haiwezi kushika juu ya kromu ya bampa, kwa hiyo kwangua kromu hiyo kwanza mpaka uione plastiki. Ama supagluu, iweke mbali na vioo, kwani mvuke wake huacha ukungu mweupe.

Kwamba rangi yoyote ya kopo inafaa ni dhana nyingine. Rangi kali za magari zinaweza kuung'ata uso wa plastiki ukajaa nyufa ndogondogo, na laka (rangi ya kiyeyusho kikali inayokauka haraka) ikipulizwa juu ya enameli (rangi inayokauka polepole), enameli huweza kukunjamana. Kinyume chake, enameli juu ya laka iliyokauka, hakina tatizo.

La mwisho ni la kushusha gari, ambalo wengi hulidhani ni la kukata springi tu. Inchi 4 za gari la kweli ni takriban milimita 4 katika kipimo cha 1/25, lakini nimeona watu wakikata milimita 8 kwa kukadiria kwa jicho, kisha wakashangaa tairi kukwama chini ya bodi. Kwenye pikapu iliyoshushwa sana, ekseli ya nyuma hupanda hadi kugonga chasisi, na ndiyo maana mafundi wa magari halisi hukata chasisi upinde juu ya ekseli na kuiimarisha. Ukate upinde huo kwenye modeli pia, na uliunganishe gari zima kwa utepe kama jaribio, likiwa na tairi zake na sakafu ya sehemu ya mizigo, kabla tone la kwanza la gundi halijagusa chasisi.