Kabla hujashika gundi

Mtu akinionyesha kazi aliyoiunda kwa matambara, vifungo na makopo, jicho langu hukimbilia kwenye maungio. Rangi na umbo nitaviangalia baadaye. Kazi za namna hii huharibika pale kitu kimoja kinapokutana na kingine, na mara nyingi chanzo ni gundi. Gundi ya moto inapendwa kwa kuwa hushika upesi, lakini joto likizidi hulainika na kuachia. Gundi nyeupe nayo hupenya kitambaa chepesi na kuacha doa gumu upande wa mbele. Mimi hushona, hufunga au hukunja. Gundi naiachia karatasi.

Mtazame El Anatsui, msanii wa Ghana aliyezaliwa 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Vizibo vya aluminiamu vya chupa za pombe hupondwa, hukunjwa, hutobolewa, kisha hufungwa kimoja kimoja kwa waya wa shaba. Kwa kuwa kila kiungo kinacheza, shuka zima la bati huning'inia na kujikunja kama nguo, na likitundikwa ukutani kwingine huweza kuchukua sura nyingine. Mwaka 2015 maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, yalimtunuku tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Gundi isingempa ulegevu ule.

Wakulima wa kaskazini mwa Japani walilijua hilo zamani. Pamba haikustawi kwenye baridi yao, hivyo nguo kuukuu zilibandikwa kiraka juu ya kiraka kwa mishono ya bandi, sindano ikizama na kuibuka kwa mstari mmoja. Nguo hizo, boro, leo zimo kwenye makumbusho. Bandi ikipita matabaka yote hugawa mvuto: uzi mmoja ukikatika, mingine inashikilia.

Ila sindano nayo inataka ujue unachoshona. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibano juu ya bakuli la maji, uwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, kisha hubaki kishanga kigumu cheusi. Hiyo usiipigie pasi ya moto wa pamba. Kisha inua kitambaa kwenye mwanga. Magotini na viwikoni mwa nguo utaona nyuzi zimebaki chache, na hapo pasibebe kitu chochote kizito.

Vipande vya kubeba uzito vikate kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Ukikata hanamu, yaani mshazari, kitambaa kitavutika, na baada ya muda mchoro wako utakuwa umepinda (kama ndivyo unavyotaka, sawa). Pamba uifue kabla ya kuikata, isije ikasinyaa ikiwa imeshashonwa.

Kutundika ndiko watu wanakokupuuza zaidi. Misumari miwili ya pembeni huivuta kazi hadi ikalegea katikati. Shona mfuko mrefu wa kitambaa nyuma ya ukingo wa juu, upitishe ufito, uzito ugawanyike upana wote.