Wosia usiogusa shamba: ardhi na mirathi Uingereza ya karne ya 15

Mwingereza wa mwaka 1400 aliweza kuusia karibu kila alichonacho: ng'ombe, kondoo, vikombe vya fedha, godoro, hata joho alilovaa. Shamba ndilo lililomshinda. Ukiacha London na miji mingine yenye desturi zake, mahakama za mfalme hazikutambua wosia wa ardhi. Mtu akikata roho, ardhi yake ilikwenda kwa mrithi aliyewekwa na sheria, naye alikuwa mtoto wa kiume mkubwa. Wadogo zake hawakuwa na fungu. Pasipo mtoto wa kiume, mabinti waligawana sawa kwa sawa. Mkoa wa Kent ulikuwa na desturi yake: watoto wote wa kiume waligawana. Na zilikuwepo sehemu ambako kitinda mimba ndiye aliyerithi.

Kazi yangu ni kusoma hati za zama hizo, na kila mwaka unavyopita nazidi kuamini kwamba katazo hili moja ndilo lililowafundisha Waingereza hila zao kubwa za kisheria.

Ukali huo ulikuwa na faida kwa wakubwa. Kwa sheria, hakuna aliyeimiliki ardhi moja kwa moja isipokuwa mfalme. Wengine wote waliishika kutoka kwa bwana, na bwana kutoka kwa bwana mwingine, hadi juu. Aliyeshika ardhi ya utumishi wa vita, yaani kwa sharti la utumishi wa kijeshi, akifa na kuacha mrithi wa kiume aliye chini ya miaka 21, bwana aliitwaa ardhi hiyo, akala mapato yake hadi mtoto akue, na juu ya hayo akawa na haki ya kumchagulia mchumba. Haki hiyo ilinunuliwa na kuuzwa. Yatima wa tajiri alikuwa kitega uchumi cha watu wazima, na sijawahi kuzizoea hati zinazotaja bei yake.

Akifa mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, ofisa wa mfalme aliwaita watu wa eneo hilo, kwa kawaida 12 au zaidi, akawaapisha. Marehemu alishika ardhi gani? Kutoka kwa nani, kwa utumishi gani? Ina thamani gani kwa mwaka? Alikufa siku gani? Mrithi ni nani, na ana umri gani? Majibu yaliandikwa kwa Kilatini kwenye ngozi, na maelfu ya ngozi hizo zimehifadhiwa Kew, London. Humo utamkuta mtu aliyejulikana wilaya nzima kwa utajiri, na watu walioapa wanajibu kwamba siku ya kufa kwake hakushika ardhi yoyote.

Hawakusema uongo. Alikuwa ameikabidhi mapema, angali mzima, kwa kundi la rafiki zake: pengine wakili, kasisi na majirani wawili watatu. Mbele ya sheria wao ndio waliokuwa wenye ardhi. Yeye akaendelea kukaa, kulima na kula mapato. Kisha akawaachia maagizo: nikifa, mpeni mke wangu hiki, mwanangu wa pili kile, binti zangu mali ya kuolewa nayo kutoka shamba fulani, madeni yangu yalipwe. Mmoja wa wadhamini hao akifa, ardhi ilibaki kwa waliosalia, na kundi likipungua liliongezwa watu wapya. Kwa hiyo hapakuwa na kifo cha kumpa bwana nafasi ya kumchukua yatima.

Udhaifu wake uko wazi: itakuwaje wadhamini wakigeuka? Sir John Fastolf, aliyetajirika katika vita vya Ufaransa, alikufa Novemba 1459 bila mtoto, ardhi zake zikiwa mikononi mwa wadhamini. Wakili John Paston alidai kwamba siku mbili kabla ya kifo mzee huyo alimwachia ardhi za Norfolk na Suffolk, pamoja na ngome ya Caister, kwa sharti kwamba alipe marki 4,000 (marki moja ni theluthi mbili za pauni) na aanzishe nyumba ya watawa 7 na maskini 7. Wadhamini wengine, akiwemo jaji William Yelverton, walikataa kata kata. Paston alifariki mwaka 1466 kesi ingali inaendelea. Mwaka 1468 Yelverton na wenzake wakamuuzia Caister Duke wa Norfolk, na mwaka uliofuata Duke akaizingira kwa jeshi. Ndani mlikuwa na kijana wa Paston na watu wasiofika 30. Walisalimu amri Septemba. Familia iliipata tena mwaka 1476, Duke alipofariki ghafla. Sehemu kubwa ya mali nyingine ya Fastolf iliishia kwenye Magdalen College, Oxford.

Mahakama za kawaida hazikuwa na la kumsaidia aliyedhulumiwa hivyo, maana kwao mwenye ardhi ni mdhamini. Watu wakamkimbilia Chansela, ofisa mkuu wa mfalme, ambaye kwa kawaida alikuwa askofu, aliyeweza kumwita mdhamini na kumbana kwa dhamiri yake. Kutokana na maombi hayo ndipo sheria ya udhamini ilipokua. Ilifika kwetu na wakoloni: Kenya ilipokea kanuni hizo za haki kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 12 Agosti 1897, Tanganyika tarehe 22 Julai 1920.

Wajane walilipia hila hii. Sheria ilimpa mjane theluthi ya ardhi za mumewe maisha yake yote, lakini ardhi iliyokuwa kwa wadhamini haikuhesabiwa. Ndiyo maana familia ya bibi harusi iliyokuwa macho ilidai mapema kwamba mashamba fulani yaandikwe kwa jina la mume na mke pamoja.

Wakulima wasio huru nao walikuwa na njia yao. Mgonjwa mahututi aliirudisha ardhi mikononi mwa msimamizi wa bwana mbele ya mashahidi, akitaja nani aipewe, na baraza lijalo la bwana likaandika. Bwana alichukua mnyama bora wa marehemu, na mpokeaji akalipa ada ya kuingia.

Mfalme Henry VIII, aliyekuwa anapoteza mapato, aliivunja hila ya wadhamini kwa sheria ya 1536. Waasi wa kaskazini walioinuka mwaka huo huo waliiweka sheria hiyo katika orodha ya malalamiko yao. Mwaka 1540 mfalme akalegeza: aliyeshika ardhi ya utumishi wa vita akaruhusiwa kuusia theluthi mbili zake.