Kompyuta ya breki haijui hofu ya dereva

Daimler-Benz, watengenezaji wa magari ya Mercedes-Benz, walijenga simuleta yao ya kuendeshea gari, yaani mashine inayomfanya mtu ajione yuko barabarani, jijini Berlin mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliwaketisha humo madereva wa kawaida na kuwatupia dharura barabarani. Wengi waliwahi kukanyaga breki, ila hawakuikanyaga kwa nguvu ya kutosha. Mguu ulifika haraka, kisha ukasita. Breki zilikuwa nzima kabisa, na kipimo chochote cha karakana kingezipasisha. Kutokana na hayo, mwaka 1996 magari ya Mercedes-Benz yakaanza kutoka na msaidizi wa breki. Kifaa hicho hutazama pedeli inashuka kwa kasi gani. Ikishuka kama ya mtu aliyeshtuka, mfumo unamalizia wenyewe mpaka breki zishike kwa nguvu zote, huku ABS ikizuia magurudumu yasigande.

Huo ndio mfano ninaoutoa nikiulizwa kwa nini sisi tunaopima mifumo ya magari tusimalizie kazi yote mezani, bila kumketisha mtu kwenye simuleta. Mezani tunaichukua kompyuta halisi ya breki au usukani, tunaiunganisha na mashine inayoigiza magurudumu na vihisi, nayo inaamini iko barabarani. Tunaikatia waya, tunaidanganya kuhusu mwendo, usiku kucha, na makosa mengi ya programu hunaswa hapo. Lakini dereva wa mezani ni programu tuliyoiandika sisi wenyewe. Haogopi kitu.

Dereva wa kweli ana mambo yake. ABS ikianza kazi pedeli hutetemeka, na wapo wanaoiachia wakidhani imeharibika. Aliyejifunzia gari la zamani, na kwetu Afrika Mashariki hao ni wengi, huipampu breki, yaani huikanyaga na kuiachia mfululizo. Kwenye gari lenye ABS hilo hurefusha tu umbali wa kusimama.

Halafu kuna hitilafu. Tuseme mota ya usukani imevuta kushoto yenyewe: dereva ataweza kulidhibiti gari? Kiwango cha ISO 26262, cha kimataifa cha usalama wa mifumo ya umeme na elektroniki ya magari, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2011, kinataka swali hilo lijibiwe. Barabarani huwezi kumfanyia hivyo mtu aliyetoka kwake kuja kukusaidia. Kwenye simuleta unaweza. Kiwango hicho kinataja madereva 20. Wote wakifaulu, unaruhusiwa kudai, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba angalau asilimia 85 ya madereva watamudu. Hesabu yake si ngumu: kama wanaomudu wangekuwa asilimia 85 tu, uwezekano wa kupata 20 mfululizo bila hata mmoja kushindwa haufiki asilimia 4. Akishindwa mmoja, dai hilo halisimami tena.

Kinachotusumbua zaidi ni kwamba mtu hashtuki mara mbili. Ukishamvutia usukani, safari inayofuata ameukamata kwa mikono miwili na anakusubiri. Kwa hiyo kila dereva anatupa jibu moja la kuaminika, basi. Tunamwambia amekuja kupima starehe ya kiti, na ukweli anaupata akishashuka. Wafanyakazi wenzangu siwatumii kabisa. Wanaijua mitego yetu yote.

Jukwaa linalobeba na kutikisa simuleta nalo ni mwongo wa aina yake. Haliwezi kukimbia kama gari, hivyo gari likiongeza mwendo linainamia nyuma polepole, uzito wa mwili wako ukusukume kitini, na sikio la ndani lisigundue kwamba umezungushwa. Picha ikichelewa kidogo nyuma ya usukani, kichefuchefu kinaanza. Mgonjwa hupunguza mwendo na kukata kona kwa woga, kwa hiyo data yake naitupa hata kama imependeza.

Ninachokataa ni kunukuu mita za kusimama zilizotoka kwenye simuleta. Kulinganisha dereva mwenye mfumo kama msaidizi wa breki na asiye nao, hapo naiamini. Mita nazipima uwanjani, kwa gari lenye matairi.